Tuliahidi bati, ubwiri ukala maua: tuendelee kutoa?

BARUA

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi kijijini wilaya ya Masasi. Mimi na mume wangu tuna mikorosho 80 inayozaa, ekari tatu hivi, na pembeni tunalima mahindi, mihogo, mbaazi na ufuta kidogo. Mwaka juzi tulivuna tani moja na ushee. Kwa hiyo mwezi wa tano mwaka jana, siku ya harambee ya kuezeka kanisa, mume wangu alisimama akatamka milioni moja. Watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga.

Maua ya mikorosho yalipotoka ukaingia ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe. Dawa yake, salfa, ilichelewa, tukapuliza raundi tatu tu. Tumepata kilo 640. Malipo yalikuja kwa mafungu manne, jumla shilingi 1,760,000 baada ya makato. Tumelipa vibarua na mafuta ya mashine 420,000, tumepeleka kanisani 300,000, tumelipa deni la duka 140,000. Akaunti ina 900,000 na malipo ya mwisho yameshaingia. Fedha nyingine ni ya ufuta, mwezi wa sita, Mungu akijalia.

Majina ya waliobakiza ahadi yamebandikwa mlangoni mwa kanisa, sisi tunasomeka laki saba. Tangu siku hiyo mume wangu haji ibadani, na anasema tusitoe chochote, kanisani wala kwa mtu, mpaka mambo yatengemae.

Desemba ulikuja mkutano wa injili pale uwanjani. Mhubiri mgeni alisema mwenye deni na Mungu apande mbegu, yaani sadaka, ya 200,000 na mikorosho yake haitaguswa tena na ubwiri. Mwenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa ananishawishi nikope nipande. Riba ni asilimia kumi kwa mwezi. Naona nikikataa nitakuwa sina imani.

Tuna jirani pia, bibi wa Kiislamu anayelea wajukuu watatu. Anakuja na bakuli, simwachi aondoke nalo tupu, lakini mume wangu ananiuliza kama chakula chetu wenyewe kitafika mwezi wa nne. Na mpwa wake, mtoto wa dada yake, anataka adhaminiwe pikipiki ya mkataba. Mnajua kwetu mjomba hasemi sina.

Naomba mnisaidie. Kutoa katika hali hii ni imani au ni ujinga? Nikisoma habari za mjane aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, najiona nimehukumiwa. Nikimtazama mwanangu anayeanza kidato cha kwanza mwezi huu, najiona nimehukumiwa vilevile.

Mama wa watatu, Masasi

JIBU

Ameni, mama. Endeleeni kutoa. Ila laki saba msizilipe kwa mkupuo, mbegu usiikopee, na mkataba wa pikipiki mume wako asiusaini.

Tuanze na huyo mjane, maana ndiye anayekunyima usingizi. Senti mbili alizotia zilikuwa zake, zimo mkononi mwake. Hakuzikopa, hakuzitangaza miezi sita kabla hajazipata, na hakuna aliyemwita jina. Tena ukirudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo, Marko 12:40, Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Anayehubiri senti mbili huku ameruka aya hiyo amemsomea mjane nusu ya habari.

Mjane wa Sarepta naye, katika 1 Wafalme 17, alikuwa na konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa. Eliya alimwomba mkate mdogo wa kilichokuwemo. Kisha akakaa. Alikula kwenye pipa lilelile, katika ukame uleule, siku nyingi. Mhubiri anayetaka kutumia habari hii kuchangisha na aulizwe atalala wapi ubwiri ukiingia tena Agosti.

Paulo amelisema waziwazi katika 2 Wakorintho 8:12: “Maana, kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.” Hatukufichi kwamba aya chache kabla ya hapo anawasifu Wamakedonia waliotoa kupita uwezo wao wakiwa maskini. Lakini walitoa kwa hiari yao wenyewe, na walitoa walichokuwa nacho. Korosho ambayo bado ni ua haijawa yako bado. Hapo ndipo ahadi ya Mei ilipoteleza: kiwango kiliwekwa kwa kuangalia mavuno ya mwaka juzi, na kikawekwa kwa shilingi.

Hoja ya mume wako, kwamba msubiri mambo yatengemae, inaonekana ya busara ila ina kasoro moja kubwa. Kwa mkulima wa korosho mambo hayatengemai. Mvua ikienda sawa, ubwiri upo. Ubwiri ukidhibitiwa, bei haijulikani mpaka mnada. Bei ikijulikana, siku ya fedha kuingia ni habari nyingine. Msimu wa 2018/19 wakulima walikataa bei za mnada, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na bado wako waliosubiri malipo kwa miezi. Mtu aliyesema atatoa mambo yakikaa sawa hakutoa mwaka ule, na huenda hajatoa mpaka leo. Mhubiri 11:4 anamzungumzia mtu wa namna hiyo, anayeangalia upepo asipande. Na aya ya pili ya sura hiyo inasema jambo ambalo watu wa kijijini wanalielewa kuliko wa mjini: uwagawie saba, hata wanane, kwa sababu hujui baa gani litakuja. Kutojua kesho kumetajwa pale kama sababu ya kutoa.

Kwa hiyo ujasiri wenu wa imani mwaka huu uko hapa: kutenga sehemu ya kile kilichoingia, mapema, kabla hamjajua ufuta utakuwaje. Ni kiasi kidogo kuliko milioni moja na hakipigiwi vigelegele.

Sasa hesabu. Chukua daftari, kaa na baba watoto jioni ambayo hamjagombana.

Kilichoingia ni 1,760,000. Ondoa 420,000 za vibarua na mafuta, kwa sababu ujira wa aliyekupalilia haukuwa wako hata siku moja. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Inabaki 1,340,000, na fungu la kumi lake ni 134,000. Yako makanisa yanayofundisha kuhesabu kabla ya kutoa gharama. Fuateni kanisa lenu. Kwa vyovyote, laki tatu mlizokwisha kupeleka ni zaidi ya mara mbili ya fungu hilo. Kwa msimu huu hamjamwibia Mungu, na kama kuna mtu anawaambia hivyo, muonyesheni daftari.

Zile 900,000 tungezigawa hivi. Mtoto wa kidato cha kwanza 220,000: ada imefutwa, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula cha shule havijafutwa. Kupuliza mikorosho 250,000, na hii isiguswe hata mtu akifa, samahani kwa kusema hivyo, lakini msiba wa mwezi wa pili ukila fedha ya salfa ndio unaozaa kilo 640. Chakula cha kuongezea mpaka mahindi mapya, 150,000. Sabuni, chumvi, nauli na vocha 80,000. Akiba ya ugonjwa na dharura 100,000. Kutoa 100,000.

Akiba si ukosefu wa imani. Yusufu katika Mwanzo 41 alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri baada ya Mungu kuonyesha njaa inayokuja. Kinachoharibu ni akiba isiyo na kikomo wala kazi, ile inayoongezwa kila mwaka huku jirani akifukuzwa.

Katika 100,000 za kutoa, toa 2,000 kila Jumapili. Mpaka ufuta uuzwe ni kama 45,000. Zinazobaki 55,000 ni za jirani yako, tutazifikia. Tenga leo, kwenye bahasha au kwenye akaunti nyingine ya simu, usiziache na fedha ya matumizi. Fedha iliyochanganywa huliwa na duka, hata nia ikiwa safi. Ufuta ukilipwa mwezi wa sita, fungu litoke siku ileile ujumbe wa benki unapoingia, kabla ya kupita dukani. Korosho nazo, kwa vile hulipwa kwa mafungu kufuatana na mnada uliouza mzigo wenu, tengeni kila fungu linapoingia. Anayengoja fungu la mwisho ndipo apige hesabu, mara nyingi la mwisho ndilo dogo na madeni yanamsubiri mlangoni.

Ahadi ya laki saba

Hiyo ni ahadi mbele za Mungu, na haifutwi kwa kuacha kwenda ibadani. Lakini Torati yenyewe iliona mbele kwamba mtu anaweza kuweka nadhiri kisha asiwe na uwezo. Walawi 27:8 inaelekeza apelekwe mbele ya kuhani, na kuhani amhesabie kadiri ya uwezo wake. Njia ni kwenda, siyo kukwepa.

Nendeni wote wawili, siku ya katikati ya wiki, siyo Jumapili baada ya ibada padri akiwa na watu ishirini wa kusalimia. Chukueni stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika na taarifa ya benki. Mume wako aseme yeye, kwa kuwa ndiye aliyetamka, na aseme kwa ufupi: “Baba padri, tuliahidi milioni moja, tumetoa laki tatu. Mavuno yamekuwa kilo 640, karatasi hizi hapa. Ahadi hatuikatai. Tunaomba iwe sehemu: kila fedha ya korosho ikiingia, shilingi kumi katika kila mia, mbali na fungu la kumi, mpaka laki saba ziishe.” Kwa msimu kama huu uliopita ni 176,000, yaani misimu minne hivi. Mkirudi kwenye tani moja mtamaliza mapema. Mnaweza kuongeza nguvu kazi, kusomba mchanga na maji ya ujenzi kwa mfano, ila thamani yake ikubaliwe na kuandikwa kabla ya kazi, ili baadaye asitokee mzee wa kanisa wa kusema ule ulikuwa mchango wa kawaida.

Usifikiri mtakuwa mmeliangusha kanisa. Kamati ikijua Januari kwamba mwaka huu itapata kama laki moja na elfu sabini kutoka kwenu, itanunua mbao na bati kwa awamu. Kinachoiumiza kamati ni ukimya, kwa sababu fundi anakuwa ameshaitwa na duka la vifaa limeshaandikiwa deni.

Mkiwa pale ombeni jina litolewe ukutani. Na kwa wazee wa kanisa wanaosoma safu hii: orodha ya wadaiwa mlangoni huleta fedha ya wenye uwezo waliosahau, na huwafukuza wasio nayo, ambao ndio wengi wakati huu wa mwaka. Bandikeni jumla inayotakiwa, majina yabaki kwenye daftari la mhazini.

Ahadi nyingine ikija, ongeeni kwanza nyumbani, mkubaliane, kisha mtamke sehemu badala ya kiasi: shilingi tano katika mia, debe moja katika debe kumi za mahindi, na “Bwana akipenda” ya Yakobo 4:15 iwe ndani yake kweli. Mahindi, mihogo na kuku pelekeni hivyohivyo, mnada wa mazao baada ya ibada ni jambo zuri. Korosho ghafi zisipelekwe. Zile zinauzwa kwa ushirika, na kiwanja cha kanisa kisigeuzwe kituo cha kangomba, ule ununuzi wa magendo, kwa jina la sadaka.

Kuhusu mume wako, tunavyosoma barua yako, tatizo lake ni aibu kuliko uchoyo. Alitamka mbele za watu, sasa anasomwa ukutani. Usimrundikie aya. Mwonyeshe daftari, mwombe akubali jambo moja tu, zile 100,000, na umwachie yeye aseme zigawanywe vipi. Akikataa kabisa, usitoe kwa siri kutoka fedha ya pamoja. Siku akigundua ataacha kuamini hata hesabu ya chumvi. Una kuku wako, una mboga zako, una mikono yako. Anza na hivyo.

Mbegu ya laki mbili

Kopa 200,000 Januari kwa asilimia kumi kwa mwezi, ulipe ufuta ukiuzwa Juni: riba pekee ni 100,000. Ufuta wote utakwenda kwenye kikundi, na ukichelewa mwezi mmoja inaongezeka 20,000. Hiyo ni fedha ya dada zako waliokuamini kwenye mzunguko. Ukishindwa, wanaoumia ni wao.

Ubwiri unga ni ukungu, yaani kuvu. Hupenda asubuhi za baridi na umande za Juni mpaka Agosti, husambazwa na upepo, na hukamata maua machanga, ambayo hukauka na kudondoka kabla ya kushika korosho. Sala haigombani na salfa. Omba, kisha puliza. Raundi ya kwanza ianze maua ya mwanzo yanapochomoza, usisubiri kuona unga mweupe, kwa sababu ukiuona sehemu ya mavuno imeshakwenda. Rudia kila baada ya siku 14 hivi, raundi tano. Kwa mti mkubwa kiwango ni kama gramu 250 kila raundi: miti 80 inakula kilo 20 kwa raundi, kilo 100 kwa msimu, sawa na mifuko minne ya kilo 25. Puliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado upo ili unga ushike, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Sasa hivi, mwezi huu, nendeni chama cha msingi mhakikishe usajili wa mkulima una jina sahihi na idadi sahihi ya miti, maana salfa ya ruzuku hugawiwa kwa usajili huo. Ikichelewa tena kama mwaka jana, zile 250,000 ndizo zitakazonunua mifuko ya kuanzia.

Kama unataka kumpa mhubiri yeyote, mpe kutoka katika zile 2,000 za Jumapili, bila masharti ya kurudishiwa. Imani inayohesabu faida kabla ya kutoa ni biashara, na hii ina mtaji wa kukopa.

Bibi jirani

Hapa ndipo tungependa mkae zaidi. Bakuli halina kipimo, na kisicho na kipimo ndicho kinachomtisha mume wako. Liwekeeni kipimo. Nyumba ya watu wanne inayokula ugali hutumia kilo moja na kidogo ya unga kwa siku. Hamuwezi kuibeba wiki nzima, lakini kilo tatu kila wiki mnaweza. Unga ukiwa 1,200 kwa kilo, kilo tatu kwa wiki 15, mpaka mwisho wa Aprili, ni 54,000. Hizo ndizo zile 55,000. Mume akiona hesabu ina mwisho, mkono wake utalegea.

Peleka wewe, au mtume mtoto jioni, siku moja ya kudumu, tuseme Ijumaa, ili bibi asilazimike kubeba bakuli kupita mbele za watu. Anayejua Ijumaa kuna unga hupanga wiki yake; anayekuja kubahatisha hulala njaa siku ambayo haya imemshinda. Na kisitumike kama chambo cha kumleta kanisani. Ramadhani ikiingia mwulize anapendelea nini kwa futari, huenda ni muhogo na mbaazi kuliko unga.

Siku nne zilizobaki za wiki zina wenyewe. Mwendee mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, uulize kama kaya yake imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na kama haimo, utambuzi mwingine ni lini. Kama ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo, sera ya afya inampa matibabu bila malipo kwenye vituo vya Serikali. Ulizia utambulisho wake unatolewaje hapo kwenu. Kina mama wa msikitini kwake huenda hawajui hali ilipofikia. Ongea na mmoja wao unayemwamini, kimyakimya.

Kisha mpe kitu ambacho kitamfanya mwakani asihitaji Ijumaa yako. Mvua bado zipo, Januari mihogo inapandwa. Kama ana robo ekari, inataka pingili 1,000 kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Shina moja zuri hutoa pingili nne au tano, kwa hiyo mnahitaji mashina 200 mpaka 250, ambayo kwenye shamba lenu mwaka huu mngeyatupa au kuyachoma. Chagueni mashina yaliyokomaa ya mimea yenye miezi minane au zaidi. Acheni sehemu ya juu iliyo laini. Kateni urefu wa sentimita 20 mpaka 30, zenye macho matano hadi saba. Uchaguzi ndio wenye kazi: mmea wenye majani yaliyokunjamana na madoa ya njano una batobato, uacheni. Wenye michirizi ya kahawia kwenye shina, na ukipasua muhogo wake unakuta sehemu ngumu za kahawia kama kizibo, una ugonjwa wa michirizi, ambao ukanda wetu unaujua sana. Majani yake yanaweza kuonekana mazima, kwa hiyo pasueni muhogo mmoja wa kila mmea mnaochukulia mbegu. Aina ya muhogo iitwayo Kiroba huvumilia michirizi vizuri kiasi, mkiwa nayo chukueni hiyo. Wanao na bibi walime pamoja asubuhi mbili, mapema kabla ya jua. Baada ya miezi tisa mpaka kumi na miwili wana muhogo wa kuchemsha na wa makopa.

Kama mihogo yenu imeoza ndani, usione haya kumwomba mbegu mkulima mwingine. Kuombea mtu ni kutoa pia.

Pikipiki ya mpwa

Udhamini haupimwi kwa upendo. Mithali 6:1-5 inamwambia aliyekwisha kumdhamini mwenzake akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Mume wako azidishe malipo ya wiki kwa idadi ya wiki zilizo kwenye mkataba, aongeze na kianzio, kisha ajiulize: hii jumla naweza kuilipa mimi peke yangu pikipiki ikiibwa mwezi wa pili? Kwa 900,000 ambazo zote zina kazi, hawezi. Kusaini kwa kutegemea kwamba halitatokea jambo ni kutoa fedha ya salfa na ya mtoto bila kuwauliza.

Lakini mjomba asimrudishe mpwa mikono mitupu. Ampe mikorosho kumi kati ya ile 80. Kijana aipalilie, aipulizie kwa salfa yenu, aokote, akaushe juani, na nusu ya fedha ya miti hiyo iwe yake. Kwa mavuno ya kilo nane kwa mti kama mwaka huu ni kilo 80 zinazogawanywa, na akiitunza kwa raundi zote tano zitazidi. Mwezi wa sita na wa saba apulizie miti yenu yote 80 kwa ujira mnaompa kibarua mwingine, fedha ambayo iko ndani ya zile 250,000. Akimaliza msimu ana kianzio chake mwenyewe na leseni ameanza kuishughulikia, na mwenye pikipiki hataulizia mdhamini kwa ukali uleule.

Liandikeni. Karatasi moja, miti ihesabiwe na kufungwa kitambaa, dada wa mume wako awepo, na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Mzigo wake mtaupima peke yake kabla ya kuupeleka chama cha msingi, maana ukishachanganywa na wenu kwenye stakabadhi moja hamtajua tena za nani ni ngapi.